Mng'aro wa Mashine ya Ochola

Walipopita Adams Arcade, Shee aliacha kujifanya anaijua njia. Alikuwa ameishi Nairobi tangu ujana wake, lakini Nairobi yake ilikuwa duka la pampu za maji katikati ya jiji, msikiti, na chumba cha ghorofani. Upande huu wa magharibi aliujua kwa majina tu, kama mtu anavyojua nchi asizowahi kufika. Alikumbatia kipande cha chuma cha mviringo kilichofungwa kwa gazeti, na kila tuta lilipowarusha, mwendesha bodaboda alimuuliza kama amebeba bunduki.

"Ni uti wa mgongo wa pampu," alijibu Shee. "Endesha, mwanangu."

Waithaka, Ochola alikuwa amesimama kando ya barabara, begi begani, suti nyeusi imekunjamana. Alikuwa ameshuka basi asubuhi ile kutoka Ugenya, alikokwenda kumzika shangazi yake. Mkewe alikuwa amebaki huko na wafiwa.

"Sasa, Shee! Umekuja kweli? Nilidhani watu wa pwani hawavuki Dagoretti Corner."

"Nimevuka bila pasipoti, yakhe. Pole na msiba."

"Nimeshapoa. Leo si siku ya kulia. Kuja uone kitu yangu."

Kitu chake kilikuwa mashine ya kukereza chuma. Kiwanda kimoja kilipofungwa, Ochola aliinunua ikiwa chuma chakavu, imeshika kutu na haizunguki, akaisimika katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Mchana alikereza chuma katika karakana ya Kiragu mjini, akitumia mashine za Kiragu. Jioni alirudi kwa yake.

Mota aliipata, gia alizichonga. Kilichomchosha ni kitanda cha mashine, zile reli mbili ndefu ambazo kisu hutambaa juu yake kikikata. Zilikuwa zimelika upande mmoja, na reli zikilika hakuna chuma kitakachotoka sawa. Ochola alizisawazisha kwa mkono. Alipaka wino wa buluu kwenye rula nzito, akailaza juu ya reli. Paliposhika buluu ndipo palipoinuka. Akapakwangua kidogo, kidogo kuliko unene wa unywele, akafuta, akapaka tena. Mvua za vuli zikaja, za masika zikaja, mwaka baada ya mwaka, akiwa bado ameinama. Kila mkwanguo uliacha alama, hadi reli zote zikawa na magamba kama ya samaki, na mafuta yakakaa ndani ya magamba hayo. Alizipiga picha akawa anamwonyesha Shee dukani, kama wengine wanavyoonyesha wajukuu.

Alimaliza wiki moja kabla ya msiba, na siku iyo hiyo akamuaga Kiragu. Kiragu alicheka mbele ya mafundi wote. "Nenda, Ochola. Aproni yako naiacha kwa msumari. Hata siifui." Shee naye akaahidi kwamba shafti zote za pampu zake, ambazo siku zote zilitoka kwa Kiragu, sasa zitatoka Waithaka. Leo alikuwa ameleta chuma cha ile ya kwanza.

Lango lilifunguliwa na Isaiah, kaka mkubwa wa Ochola. Kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti, mpaka geti moja likamwangukia na kumvunja mguu. Kwa sababu ya mguu huo hakwenda Ugenya. Alikuja hapa kulinda nyumba, na kibandani hakuwa ameingia kabla. Alikuwa na vumbi la chuma mpaka kwenye nyusi, na alianza kucheka kabla ya kusalimu.

"Omera, mdogo wangu, funga macho."

"Jaduong'," alisema Ochola, akimwita kwa heshima ya kwao, "nimetoka matangani. Wacha michezo."

"Funga nimesema! Na mgeni pia."

Akawaongoza hadi kibandani, akichechemea mbele. "Haya, fungueni."

Reli ziling'aa kama sinia la harusi. Shee aliyaona mabati ya paa ndani yake. Sakafuni ililala grainda, mashine ya mkono ambayo Isaiah alizoea kulainishia mageti, waya wake bado umo ukutani.

"Ilikuwa imekwaruzwa yote," alisema Isaiah. "Kama kuku wamechakura juu yake! Nikasema, huyu mtoto anataka kuita wateja waone aibu hii? Tangu mwende nimesimama hapa, na huu mguu. Pitisha mkono, omera. Pitisha!"

Ochola alipitisha mkono kutoka mwanzo wa reli hadi mwisho. Shee hakuwa fundi, lakini aliitazama shingo ya rafiki yake. Mshipa ulisimama, ukakaa hivyo kwa muda, kisha ukalala.

"Asante, jaduong'."

"Asante tu? Hata huniimbii sifa?"

"Umefanya kazi kubwa. Tutengenezee chai."

Isaiah alipotoka, Ochola alivua koti, akakifunga chuma cha Shee kwenye mashine. Alilegeza kichwa cha nyuma cha mashine, kizito, ambacho Isaiah hakuweza kukisogeza, akakisukuma kishike ncha ya chuma. Pale kilipokuwa kimeketi palionekana kipande cha reli chenye magamba, upana wa kiganja. Ochola alikitazama, akawasha mota. Kisu kikatambaa kikiyumba, nyuzi za chuma zikaanguka. Alizima, akapima kwa mikrometa.

"Huku nene. Huku nyembamba. Hapa katikati ina tumbo, kama Kiragu." Akacheka peke yake.

"Si uanze tena?"

"Mkono unakwangua, Shee. Grainda inachimba. Nitaanza tena, ni sawa. Na hiyo miaka yote nikule nini?"

"Basi mwambie alichokufanyia!"

"Huyu?" Ochola alifungua chuma kutoka kwenye mashine. "Huyu alinitoa Ugenya sina viatu. Akanipa godoro yake, yeye akalala kwa simiti. Tupa la kwanza kushika nisugue chuma lilikuwa lake. Nikimwambia, hatashika chuma tena, na hakuna kitu ingine anajua."

Alikifunga kile chuma tena kwa gazeti. "Bado kina nyama, kinatosha shafti. Leo ni Jumamosi, Kiragu hufunga saa saba. Nikiingia na kazi mkononi, ataongea kidogo."

"Kazi yangu niirudishe kwa Kiragu?"

"Mkono utakuwa wangu. Jina tu ndilo lake."

"Twende pamoja, basi."

"Hapana. Tukitoka wote, jaduong' atajua. Wewe kaa unywe chai."

Akavaa koti lake la mazishi, akapita langoni chuma kikiwa kwapani, bila kugeuka.

Isaiah akaja na vikombe vitatu. "Yuko wapi?"

"Ameitwa mjini, mzee. Kuna kazi imeingia."

"Umeona! Mashine imeng'aa leo tu, na kazi imeshaingia." Alikifunika kikombe cha Ochola kwa kisahani. Kisha akainama juu ya reli, akakunja uso. "Ah. Hapa kumbe pamebaki."

"Wacha, mzee," Shee alisema haraka. "Chai itapoa."

"Dakika moja tu. Akirudi, akute yote imeisha." Akaiokota grainda sakafuni, akaiwasha.