Foleni Niliyoianzisha Mwenyewe

Aibu yangu naisema kwanza ili mcheke mmalize, kisha mnisikilize. Mchana kweupe hapa Shinyanga mjini, Kulwa akiwa mgongoni na Doto ananing'inia kwenye ziwa, nililigonga dirisha la bati la ghala la ushirika kwa jiwe, nikagonga mpaka kutu ikaanza kudondoka, huku nikiwaita waliokuwa ndani walanguzi na wanyonyaji, na nyuma yangu umati mzima unaitikia kama tuko kwenye mkutano wa hadhara. Uvumilivu ulikuwa umeniishia. Doto alikuwa amenichafua mara ya pili, jua limetusimamia utosini, na tangu asubuhi hakuna aliyefungua hata tundu la kutuambia sabuni inaanza kutolewa saa ngapi.

Tatizo langu lilikuwa sabuni, basi, sikuwa na jingine. Mnaikumbuka ile miaka (kama hamuikumbuki mshukuru Mungu), ukifua kwa majani ya mpapai na majivu, na mche mmoja wa sabuni unafichwa kabatini pamoja na cheti cha ndoa. Jumapili mapacha wangu walikuwa wanabatizwa, mama mkwe anakuja kutoka Ushirombo na macho yake yale yanayoona doa hata gizani, na nguo zao nyeupe zilikuwa na madoa ambayo jivu lilikuwa limeyazidisha badala ya kuyatoa.

Asubuhi ile nikatoka na kikapu, na ndani ya kikapu jiwe langu. Kila mama alikuwa na lake. Ukifika dukani unaliweka kwenye mstari, unakwenda kivulini kunyonyesha, jiwe linasimama badala yako. Langu lilikuwa nusu ya jiwe la kusagia lililopasuka, nyuma jekundu, mji mzima unalijua, hakuna wa kulisogeza akasema alidhani ni lake.

Napita nyuma ya ghala, naona mawe yamepangwa kando ya ukuta, mstari umenyooka vizuri, watu hawapo. Nikasema moyoni, aha, wenzangu wamewahi, wako kivulini. Nikaweka la kwangu mwishoni. Hapo ndipo palipokuwa na kosa lote, mengine yalijiendesha yenyewe. Sikuuliza. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nimefundishwa siasa na jiografia na namna ya kupima mvua, lakini nikiona mawe yamejipanga akili yangu inakaa chini na kusubiri.

Haukupita muda akaja baba mmoja na baiskeli, akanisalimu, akauliza hapa wanatoa nini. Ningeweza kusema sijui. Lakini mtu aliyekwisha kuweka jiwe atasemaje hajui? Nikamjibu, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, "Sabuni." Nilisema sabuni kwa sababu ndiyo niliyokuwa naitaka, ningekuwa na njaa ningesema unga. Yule baba akalaza baiskeli nyuma ya jiwe langu. Wakaja kina mama wawili wakamuuliza yeye, akawaambia sabuni, tena yeye alisema kwa uhakika kuliko mimi. Kabla jua halijakolea mstari ulikuwa umekunja kona ya ghala na mwisho wake siuoni.

Sasa sikieni nilivyo mjinga. Mama mmoja akatoka kule mkiani akaja kuninong'oneza habari mpya: ni mche mmoja kwa kila kaya, ila mwenye mapacha anapewa miwili. Nikafurahi, jamani. Nikamshukuru. Haikunijia kabisa kwamba habari ile ilitoka kinywani mwangu, ikatembea mpaka mwisho wa mstari, ikasikia huko kwamba mbele amekaa mama wa mapacha, ikarudi kwangu imevaa viatu. Uongo wangu mwenyewe nikauamini kwa sababu umeletwa na mtu mwingine.

Akapita jirani yangu Mama Shija, mwanamke mwembamba asiyependa kukaa. Akaniambia kule duka la ushirika, upande wa barabarani, wameanza kuuza sabuni na hakuna watu, twende. Nikaangalia mlolongo ule nyuma yangu, nikapiga hesabu zangu za kisomi: hivi sabuni iuzwe halafu pasiwe na watu? Watu wote hawa wawe wamekosea, apatie Mama Shija? Na jua lote lile nililokwisha kulila, nilitupe? Nikamwambia, tena kwa sauti ili wenzangu wasikie, "Foleni ya watu wawili ni foleni ya wajinga." Wakacheka. Mama Shija akafunga khanga yake vizuri, akaenda.

Ndiyo tukafika pale pa kugonga dirisha. Likafunguka. Akatokeza Mzee Masanja, mlinzi wa ghala, amevaa singlendi, shavu limejaa ugali.

"Shikamoo," nikasema. Hasira ilikuwa nyingi lakini adabu haikunitoka.

"Marahaba, mayo," akaniita mama kwa Kisukuma. "Mnataka nini?"

"Tunataka sabuni yetu."

"Yaya," akasema, yaani hapana kwa Kisukuma, tena ile ya taratibu inayouma zaidi. "Humu mna magunia matupu na mimi."

Nikamwonyesha mawe. Nikamuuliza, kama hakuna kitu, hii foleni ya nini?

Akachungulia, akatafuna, akameza. "Hayo ni mawe yangu, mayo. Nimeyapanga jana niyapake chokaa, kuna mgeni wa mkoa anakuja, wamesema tupande maua." Kisha akanyoosha kidole. "Ila hilo jekundu silijui. Hilo la nani?"

Umati wote ukaligeukia jiwe, kisha ukanigeukia mimi. Yule baba wa baiskeli aliniangalia kama mtu aliyeuziwa ng'ombe mfu. Nikasubiri watawanyike wakiwa wananitukana, ambayo ingekuwa haki yao.

Hawakutawanyika. Mtu mmoja kule nyuma akasema, "Anaficha huyo. Wakisema hakuna, ujue ipo." Wakaitikia, ni kweli, ni kweli, wakajipanga upya na kusogeleana zaidi. Na mimi (hapa ndipo nataka mnicheke sana), mimi niliyejua kuliko wote kwamba sabuni ile niliitunga kichwani, niliketi tena nyuma ya jiwe langu. Nilikuwa wa kwanza. Nani anaacha nafasi ya kwanza?

Alasiri Mama Shija akarudi na mche wa sabuni kichwani, ameuweka wazi bila kuufunika, makusudi. Akasimama mbele yangu.

"Mama Kulwa, bado tu upo? Sisi wajinga wawili tumepata. Waliokuja baada yetu wamemaliza."

Ningemwomba kipande angenikatia, namjua. Sikumwomba. Jumapili mapacha walibatizwa wakiwa na rangi ya majani ya mpapai, na mama mkwe akaniuliza, mbele ya padri, kama wajukuu zake wanabatizwa au wanaandikishwa mgambo.

Nimeapa sitaweka tena jiwe mahali ambapo sijamwona mwenye duka kwa macho yangu. Ila kuapa hakuondoi hasira, na Mama Kulwa hanyamazi. Nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi nikapeleka malalamiko rasmi, nimeyaandika kwa mkono wangu, haya hapa:

Ndugu Balozi. Namlalamikia mlinzi wa ghala kwa kupanga mawe katika mstari ulionyooka, mahali pa wazi, huku akijua sisi ni watu wa namna gani. Naomba aagizwe maua yake ayazungushie mawe kwa duara. Pili, naomba jiwe jekundu lililoko pale liondolewe na mtu wa serikali, kwa kuwa linajulikana ni langu, na maadamu lipo watu wanasema Mama Kulwa bado anasubiri. Kulichukua mwenyewe nimeshindwa. Nilikwenda Jumatatu, nikainama tu kuliokota, na nilipoinuka nyuma yangu walikuwa wameshajipanga watu, wa kwanza wao akaniuliza leo wanatoa nini. Nakiri, Ndugu Balozi, kwamba nilikaribia kumjibu sabuni.