Namba nyekundu kwenye jiwe la chokaa

Leo nilifurahia rangi ambayo haikukuwa ya kufurahia.

Mi na rafiki yangu Kasongo tunapandaka mawe na kamba. Kila dimanche, siku ya Mungu, tulikuwa tunatafuta ukuta wa chokaa ule bantu wanausemaka, upande wa Kinsevere.

Leo tukaupata. Murefu, mweupe, nyuma ya mashamba.

Na kwenye jiwe, namba nyekundu. Moja mpaka kumi na ine. Bapandaji banaandikaka namba vile chini ya kila njia ya kupanda.

Kasongo akacheka. "Haiko siye tu. Kuko bengine banapandaka huku."

(Lubumbashi yote, bapandaji tunajuana bane tu. Mutuelewe.)

Mama mumoja alikuwa analima muhogo pale. Nikamuuliza: "Mama, bale banapandaka hapa, banakuyaka siku gani?"

Akaniangalia.

"Hakuna mutu anapandaka, mutoto yangu. Ni bantu ba kampuni. Batapasua hili jiwe na baruti. Nyumba yangu njo namba kumi na tano."

Mama akaonyesha kamba begani mwetu.

Halafu akasema: "Panda pale juu, uniangalilie kama mashine zao zinafika."

Nikapanda. Jiwe zuri kupita yote niliyogusa.

Juu nikaona matingatinga matatu, yanaangusha miti, yanakuya.

Bandugu, mungemuambia nini? Mi nilimuambia ile niliona.

Hakulia. Aliinama, akaanza kung'oa muhogo.

Tukamusaidia. Mizizi ilikuwa bado midogo kama vidole.