Vyumba Sita, Mtoto Mmoja

Walisema sitamaliza msingi. Nilipoumaliza wakasema kuta hazitafika juu. Kuta zilipofika juu wakasema mabati ya kuezeka nyumba ile hayapo Garsen nzima, na hata yakipatikana, upepo utayapeleka Chara. Nikaezeka, na mabati yapo mpaka leo. Wakanyamaza kidogo, nami nikadhani nimewamaliza. Kumbe walikuwa wakitafuta neno la mwisho, na walipolipata lilikuwa zito kuliko yote yaliyotangulia: haya, amejenga, lakini ataijaza na nani?

Nyumba yangu ina vyumba sita vya kulala. Mtoto ninaye mmoja.

Niseme kwanza mimi ni nani. Nilitoka kijijini kwetu, upande wa Wema, nikiwa na shati la shule na viatu vya kaka yangu. Nilirudi nikiwa na diploma ya ujenzi, ambayo niliisomea Mombasa jioni huku mchana nikichanganya zege. Nimejenga nyumba za watu kuanzia Likoni hadi Mtwapa. Kuna ghorofa moja Nyali ambayo hata leo nikipita naisalimia, maana kama si mimi ingekuwa imepinda. Diploma nimeitia fremu, iko ukutani sebuleni, na mgeni asipoiona mwenyewe namwonyesha. Sioni haya. Aliyevuna mpunga haufichi ghalani akisema ni makapi.

Ramani ya nyumba niliichora kwa mkono wangu. Msingi niliuinua mpaka kifuani pa mtu mzima, nikaujaza mawe na kifusi, nikaushindilia mpaka nyundo ikawa inaruka. Wapita njia walicheka. Walisema nimejenga jukwaa, sasa nasubiri ngoma. Mmoja aliniuliza kama nataka kuchungulia mbinguni. Mimi nilikuwa nakumbuka utotoni, mwaka ambao mto ulitutoa nyumbani tukalala juu ya tuta la barabara chini ya turubai moja, sisi na mbuzi na kuku, na mbuzi ndio waliopata mahali pakavu. Nilijiapia siku ile kwamba mimi sitalala tena chini ya mbuzi.

Lakini vyumba sita sikuvijenga kwa sababu ya mafuriko, wala kwa sababu ya watoto. Nilivijenga kwa sababu nilikuwa na uwezo wa kuvijenga. Mtu aliyewajengea wengine vyumba maisha yake yote, siku akijijengea mwenyewe atajipimia kibaba?

Jirani yangu ni mfugaji, Muorma, mtu wa maneno machache yanayouma. Siku moja alipitisha ng'ombe wake akielekea malishoni, akasimama, akaegemea fimbo, akahesabu madirisha kwa kidole.

"Injinia," akasema, "sisi hununua ndama kwanza. Zizi hufuata."

Kisha akaenda zake. Neno lile lilimtangulia mpaka Garsen. Nilipoenda kununua rangi, mwenye duka aliniuliza habari za zizi.

Nyumba ilipokamilika, ndefu, na milango yake yote ikitazama baraza, alikuja mwanamke mmoja asubuhi, mtoto wake kamfunga mgongoni, akaketi kwenye ngazi. Nilimkaribisha chai. Akaipokea, akanywa, akaendelea kungoja. Baadaye akauliza kwa upole daktari anafungua saa ngapi. Alikuwa amesikia kuna zahanati mpya, na alipoona milango sita mfululizo hakuuliza tena. Mke wangu alimpa maji ya kumpoza mtoto, nami nikawapeleka kwa pikipiki hadi zahanati ya kweli. Tangu siku hiyo mwanamke yule akawa rafiki wa nyumba yetu.

Hayo yote yalikuwa ya kucheka. Lililokuwa si la kucheka ni hesabu waliyokuwa wakiifanya watu vichwani. Chumba cha baba na mama, kimoja. Chumba cha binti, kimoja. Vinne vilivyobaki ni vya nani? Kila mtu alikuwa na jibu, na kila jibu lilimwangukia mke wangu. Wengine walisema anakuja wa pili wa kuvijaza, subirini. Wengine walisema hataki kuzaa, ndivyo walivyo wanawake wa mjini. Wengine walidai nyumba kubwa huwatisha watoto, hawaji, wanaogopa mwangwi.

Ajabu ni kwamba mama yangu alizaa tisa katika nyumba ya udongo yenye chumba kimoja na sehemu ya jiko, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza atatuweka wapi. Tulilala kwa bibi. Tulilala kwa shangazi. Wavulana tukipata sauti nzito tulijijengea kibanda chetu pembeni. Zamani zile nyumba haikuwa kipimo cha watoto. Kijiji kizima kilikuwa chumba cha kulala. Ni mabati na saruji vilivyoleta hesabu hii, na mimi, mtu wa mabati na saruji, ndiye niliyeileta kijijini kwetu.

Ukweli ni kwamba binti yetu alizaliwa kwa taabu, na daktari alituambia mwingine angemweka mama yake hatarini. Tulikubaliana sisi wawili, tukashukuru kwa mmoja, tukanyamaza. Habari ya tumbo la mke wangu si ya kupelekwa barazani. Lakini ukimya nao una gharama, na gharama hiyo alikuwa akiilipa yeye, kila alipokwenda kisimani, kila alipotoka kanisani.

Kisha mama yangu akaja na shangazi yangu. Walipokuja wawili nikajua kuna jambo. Walikula wali na kambare, wakasifu mchuzi, na mke wangu alipotoka kwenda kuosha vyombo, shangazi akaanza kuzunguka kwa maneno. Kuna binti huko Kinakomba, mcha Mungu, anajua kulima, na kwao wamezaliwa wengi. Mama yangu ni mshirika wa kanisa tangu ujana wake, lakini siku hiyo alikumbuka ghafla kwamba hata Yakobo hakuwa na mke mmoja.

"Mama," nikamwambia, "ramani ya nyumba hii nimeichora mimi. Hakuna chumba cha mke wa pili."

"Katika vyumba sita?"

"Katika vyumba sita."

Akatazama dari. "Basi vitajazwa na popo."

Mama si mtu wa kushindwa. Alipoona njia ya Kinakomba imefungwa, alirudi kwenye desturi. Kwetu wazee hawapendi nyumba mpya ilale baridi. Ndugu na majirani huazima watoto wao walale humo, kwa sababu husemwa kwamba mtoto huita mtoto: akisikika mmoja akicheka ndani, wengine huko waliko hutamani kuja. Kwa kawaida ni mpaka nyumba ipate moto wake, basi. Mama aliligeuza jambo hilo kuwa kazi ya kudumu. Shangazi aliazima wajukuu wawili. Yule mwanamke wa zahanati akaazima watoto wake wakubwa. Hata jirani mfugaji alimleta binti yake, akisema ni kwa ajili ya taa yangu ya sola, apate kusomea. Jua likianza kushuka ungewaona wakija mmoja mmoja na mikeka kichwani, wanaosha miguu kwenye ngazi, wanamwamkia mke wangu, wanauliza leo kuna nini jikoni.

Binti yetu alifurahi kama aliyepewa sikukuu kila siku. Nami, sitaficha, nilijisikia chifu. Mke wangu aliwapikia, akawasuka nywele, akawasikiliza wakisoma. Aliwapenda, hilo niliona. Ila alijua pia kwa nini wametumwa. Kila mkeka ulioletwa ulikuwa kama ujumbe kutoka kwa mama mkwe.

Asubuhi moja alikuwa akikunja mikeka hiyo, watoto wamekwisha kwenda shule. Akaniita. Alisema bila kupandisha sauti:

"Kila mlango wa nyumba hii unaniuliza swali. Bomoa vyumba vinne, au unipeleke nikakae chumba kimoja Garsen."

Nilianza kumweleza kwamba haviwezi kubomolewa, kwamba nondo nilizotia katika kuta zile hazitii nyundo ya mtu yeyote wa Tana River. Alinitazama mpaka nikaishiwa na nondo. Nikaona kwamba nyumba niliyoijenga isianguke inaweza kuniachia vyumba sita vitupu kwelikweli. Nikamwomba anipe mpaka mavuno ya mpunga. Akasema sawa, mpaka mavuno.

Mavuno hayakufika.

Maji ya Tana hayangoji mvua yetu. Mvua hunyesha huko milimani, sisi tukiwa tumekaa juani, kisha mto unatuletea habari. Safari hii ulileta habari kubwa. Kwanza ulipanda ukingoni ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Halafu ukaingia mashambani, ukalaza mpunga, ukaendelea na safari. Ilikuwa asubuhi, jua linawaka, na watu walisimama milangoni wakitazama maji yakija polepole kama mgeni asiye na haraka, maana anajua atalala.

Shule ilifungwa, na watoto wa kuazimwa hawakwenda makwao. Walikuja kwangu moja kwa moja, kwa mazoea. Mama zao wakawafuata watoto. Baba zao wakawafuata mama zao, na magunia na sufuria na kuku waliofungwa miguu. Yule mwanamke wa zahanati alifika akiwa amelowa mpaka kiunoni, akapanda ngazi, akaketi palepale alipoketi siku ya kwanza. Mke wangu akamuuliza, "Daktari umemkuta?" Wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mikono.

Sikumpa mke wangu maelekezo yoyote. Alisimama barazani, khanga kaifunga kiunoni, akaanza kugawa. Wenye watoto wachanga hapa. Wazee kule, karibu na choo. Wanaume sebuleni, chini ya diploma. Kuku nyuma, na atakayeleta mbuzi ndani atalala naye. Nilikuwa nimemwambia kisa cha turubai, naye hakukisahau. Watu wazima waliokuwa wakimhesabia vyumba kisimani sasa walikuwa wakimwuliza, mmoja baada ya mwingine, waingie mlango upi. Naye aliwajibu kila mmoja.

Adhuhuri jirani mfugaji akafika. Ng'ombe wakubwa alikuwa amewapeleka nyanda za juu, lakini alikuwa na wakeze na watoto, na ndama wawili waliozaliwa wiki ile, mmoja kambeba mabegani. Akasimama chini ya ngazi, maji yakimpiga magotini, akayatazama tena madirisha.

"Injinia, wallahi, ndama nimeleta. Zizi liko tayari?"

Baraza lote likacheka, na yeye zaidi. Ndama walilala barazani, kwenye pembe iliyokingwa na upepo, na nasema wazi kwamba ile ndiyo amri pekee niliyotoa siku hiyo.

Aliyebaki alikuwa mama yangu. Alikuwa amekataa kutoka. Alisema nyumba yake imeona mito mikubwa kuliko huu. Niliazima mtumbwi, nikaenda kumchukua mwenyewe, nikamkuta amekaa juu ya kitanda, kitanda juu ya meza, Biblia mapajani. Tulipofika ngazini maji yalikuwa yamefika kwenye kipandio cha tatu, na yalisimama hapo. Msingi wangu ulikuwa mkavu, na nataka hilo liandikwe.

Mama akapanda. Akapita mlango wa kwanza: umejaa. Wa pili: umejaa. Alikuta wajukuu wa shangazi wamelala na shangazi mwenyewe. Alikuta watoto wote aliowatuma kwa mikeka, kila mmoja na wazazi wake kando yake. Akapita milango yote sita mpaka mwisho wa baraza, akarudi, akasimama mbele ya mke wangu. Watu wakanyamaza, kwa sababu kila mmoja alijua habari ya Kinakomba.

"Mama," akamwambia mke wangu, kama mtu anavyomwita mwenye mji, "mimi niweke wapi mkeka wangu?"

Mke wangu alimpokea Biblia, akamshika mkono, akamwingiza chumbani kwetu, akampa upande wangu wa kitanda. Mimi nikapewa baraza pamoja na ndama.

Niliketi pale nikawatazama. Shangazi, mwanamke wa zahanati, jirani, wote walioniazima watoto wakati nyumba yangu ilikuwa baridi, walikuwa chini ya mabati yangu, wamekauka, wanakula wali uliopikwa na mke wangu. Nilikuwa nimemlipa kila mmoja wao deni lake: nimemhifadhia mtoto wake, na juu yake baba na mama na bibi. Nikamsikia mama ndani akizungumza na mke wangu, kwa sauti ambayo hakuwahi kujua kuipunguza.

"Huyu mume wako," alisema, "na diploma yake yote, alijenga nyumba ndogo."

"Nilimwambia, mama," mke wangu akajibu. Hakuwa ameniambia kamwe. Niliacha lipite.