Nzi Mwenye Ndevu

Juzi, kwenye kamba ya nguo hapa Oli, mjini Arua, nilimwona nzi mrefu mwenye ndevu amemkumbatia nyuki, akimfyonza taratibu. Nikasikia tena harufu ya moshi na asali ya kijijini kwetu Kuluba, nilikokulia.

Baba alifuga nyuki. Nzi hao walimmalizia nyuki wake, na kazi yangu ilikuwa kukaa karibu na mizinga na kuita, "Baba, mwizi!" Naye alikuja mbio na fimbo, akicheka.

Alasiri moja wanajeshi watatu waliingia uani.

"Muzee iko wapi?"

"Iko Arua, afande. Napeleka asali," mama alijibu.

Mimi nilikuwa nimemwona baba akiingia kwenye mtama ameinama. Nilidhani anapalilia. Mara nzi akamnyakua nyuki mbele yangu. Nikaugeukia mtama, nikaita kwa nguvu zangu zote:

"Baba! Mwizi iko hapa!"

Kiganja cha mama, chenye harufu ya muhogo, kilinifunika mdomo.

"Asante, mutoto," mwanajeshi mmoja alisema.

Walimtoa baba wamemshika kwapani, na hakurudi.

Juzi, pale kwenye kamba ya nguo, nyuki aliacha kupapatika. Nilitazama tu. Tangu alasiri ile sijaweza kumwita mtu kwa sauti.