Shavu la Kushoto la Rosine

Hemedi alikuwa na studio ya picha nyuma ya soko la Kasongo: chumba kimoja, pazia la buluu, kompyuta, na printa yenye kiburi. Watu walimpendea jambo moja tu, alijua kusafisha. Ukipigwa picha kwake, chunusi zako zinabaki kwenye kiti. Bibi harusi alitoka mweupe kuliko shela yake, na wazee walipungua miaka kumi bila dawa. Safari moja alimwondolea marehemu uvimbe wa shingo kwenye picha ya matanga, hata wajukuu wakauliza huyu ni babu wa nani. Watu walicheka, Hemedi naye akacheka, na hakujifunza kitu. Alijiona mtu mwema. Nani amewahi kurudi kulalamika kwamba amependezeshwa mno?

Basi wema huo ndio uliomponza.

Mjini hapo Mama Odile ana kampuni ndogo ya sabuni na pomadi za mafuta ya kokwa za michikichi. Pomadi zake hazichubui ngozi wala hazimgeuzi mtu, kila kopo limeandikwa "Hivi nilivyo." Siku ya Alhamisi wanawake wanaofanya kazi pale huacha sufuria zao, hukaa mkekani pamoja na muuguzi mmoja, na kila mwenye mzigo moyoni huutua. Wengine hulia tu. Wako waliopata usingizi pale, baada ya miaka ya kukesha.

Rosine, mwanamke wa Kabambare, alikuwa mmoja wao. Miaka minne kabla ya hapo, akichemsha mawese, mafuta yalimrukia yakamuunguza shavu la kushoto, kutoka chini ya jicho hadi kidevuni. Tangu siku hiyo alijifunga kitambaa mpaka puani, sokoni, kanisani, hata jikoni kwake mwenyewe. Miezi sita alihudhuria Alhamisi zile kimya. Kisha siku moja alifungua kitambaa, na siku nyingine akamwambia Mama Odile kwamba uso wake unaweza kuwekwa kwenye kopo.

Akaja studio. Aliketi wima, shavu lililoungua likielekea kamera.

"Papa Hemedi, usisafishe kitu," akasema. "Uache yote vile iko."

"Ndiyo, mama."

Alisema ndiyo kwa mdomo. Moyoni alisema, maskini, anaona haya kuomba. Wangapi wamemwambia usiniguse, kisha wakafurahi alipowagusa? Jioni alifungua picha, na mazoea yana taabu, mkono ukaenda wenyewe. Aliazima ngozi ya shavu la kulia akaibandika kwenye la kushoto, akailainisha, akajisifu. Kisha akachapa etiketi mia tatu za kubandika kwenye makopo.

Siku makopo yalipotoka, Hemedi alifika na kanzu yake ya Ijumaa, akingoja kushukuriwa. Emilienne, mwenzake Rosine wa kazini, ndiye aliyeshika kopo la kwanza.

"Huyu ni mudogo yako?" akamwuliza Rosine, kwa nia njema kabisa.

Rosine alilichukua kopo. Akaisugua ile picha kwa kidole gumba, kama mtu anayeondoa vumbi. Akaliweka chini taratibu, akajifunga kitambaa mpaka puani, akatoka. Kesho yake walisikia amepanda pikipiki, amerudi kwa mama yake Kabambare.

Mama Odile hakumfokea Hemedi. Heri angemfokea.

"Miezi sita tulimuambia kama uso wake haina kosa," akasema. "Weye, kwa siku moja tu, umemuambia kama iko nayo."

Hemedi alikaa chini kati ya makopo yale. Alibandua etiketi zote kwa mkono wake, akachapa nyingine kutoka picha ya kwanza, ile isiyosafishwa, lakini alijua kwamba karatasi si mtu. Mteja akimwomba amsafishe, alitafuta kisingizio, mara printa mbovu, mara wino umekwisha. Siku ya tisa alifunga studio, akashika njia ya Kabambare kwa pikipiki, njia ya matope ambako abiria husukuma pikipiki zaidi kuliko anavyoipanda.

Alimkuta Rosine uani kwa mama yake, anatwanga sombe, majani ya muhogo, kitambaa kimefika puani. Akaketi alipoonyeshwa.

"Nimekosa, mama," akasema. "Ulinikataza, miye nikafanya. Nilizani niko nakusaidia. Unisamehe."

Akampa etiketi mpya. Rosine aliitazama sana. Kisha akaegemeza mchi ukutani, akafungua kitambaa, akakiweka mapajani.

"Hii ndiyo miye," akasema.

Hemedi akashusha pumzi, na ulimi ukafunguka. Wenzako wako nakungoja, mama. Etiketi zote ziko tayari. Mama Odile amekusalimia sana. Rosine alimsikiliza mpaka maneno yakamwishia.

"Siku ile pale studio," akasema, "nilikuwa nimeisha kusahau kuona haya juu ya kovu. Nilikaa mbele yako kama mutu yeyote. Weye ndiyo ulinikumbusha."

"Pole, mama. Pole sana."

"Na unaomba nani musamaha? Tangu nimefungua kitambaa, uko unaangalia upande wa kuume tu."

Ilikuwa kweli. Hemedi, mtu aliyetazama nyuso za mji mzima kwa miaka kumi na minane, alikuwa amesafiri siku nzima kuja kumwomba mwanamke msamaha, na bado macho yake yalikuwa yanamsafisha. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akayainua macho, akayaweka kwenye shavu la kushoto. Yalitaka kukimbia, akayazuia. Rosine hakugeuka.

Baada ya kitambo Hemedi akataka kuinamisha kichwa.

"Bado," Rosine akasema. "Angalia kwanza. Habari ya kurudi Kasongo, tutaizungumza kiisha."