Mutobe Uliomwagwa Mlangoni

Nakumbuka asubuhi moja hapa kambini Nakivale, mwanangu, ambayo hata leo ikinirudia mwili hunisisimka. Kwa kuwa kesho unahamia Mbarara kuanza kazi, nataka uondoke nayo.

Nilikuwa bado kijana, na watu walinijua kwa mutobe, juisi ya ndizi mbivu tunayokamua sisi Warundi. Niliuuza Rwekubo siku za soko. Jirani yetu Mkongo alipojifungua, nikampelekea kibuyu kizima. Nikamimina kikombe, nikaonja kidogo kama nilivyolelewa, nikamnyooshea. Mama yake, Mama Riziki, akakipokea yeye, akaenda nacho mlangoni, akamwaga chote mbele ya wanawake waliokuja kumpongeza mzazi.

Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza ili ujue hakina sumu. Ukikimwaga baada ya hapo, umemwita muuaji. Na Warundi wenzangu walikuwepo, wakaona. Nani angenunua tena mutobe wangu? Nilirudi nyumbani, nikamwambia mama mkwe naenda kumshtaki yule mama kwa mwenyekiti wa kijiji. Yeye, mtu asiye na papara hata nyumba ikiungua, aliendelea kuchambua maharage.

"Kwanza nenda ukamuulize aliona nini," akasema.

Nilikwenda nimefura, lakini niliuliza.

"Niliona unapatia mutoto yangu mabaki," Mama Riziki akanijibu. "Ulikunywa kwanza weye, kisha ukamupatia yenye ilibakia. Kwetu muzazi hapewake mabaki."

Mabaki! Nilipomweleza habari ya sumu, akashika kichwa kwa mikono miwili. Wazo hilo halikuwa limempitia kabisa, na sasa aliogopa kuliko mimi kwamba ameniharibia jina.

Siku ya soko alikuja Rwekubo, akaomba kikombe watu wakitazama. Safari hii sikuonja, nilimpa kikiwa kimejaa. Akanirudishia.

"Onja kwanza, mama," akasema.

Nikaonja. Akakinywa chote, pale pale, mbele ya Warundi na Wakongo.

Huko Mbarara, mwanangu, utapanga nyumba na Wanyankole, na Waganda, na watoto wa askari wa kambi ya Makenke. Siku moja mmoja wao atafanya jambo litakalokuchoma moyo. Macho yako yatakuonyesha alichofanya, lakini alichokusudia anakijua yeye. Muulize, na umwambie wewe umeelewa nini, kabla hujamhukumu. Mungu akutangulie, na popote utakapokosea bila kujua, akukutanishe na mtu mwenye subira ya kukuuliza.