Mstari Mmoja wa Bibi Eunike

Mwanangu, kabla hujafunga begi lako kwenda kuanza kazi ya maktaba huko Mikumi, kaa hapa kidogo. Mama yako atasema nakuchelewesha basi. Litakuja jingine.

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila mvua inapopiga bati. Nilikuwa msichana, mhudumu wa maktaba ndogo ya umma pale Kilosa mjini, mwenye mwandiko mzuri na maringo yake. Usicheke, bibi yako aliringa. Mto Mkondoa ulivunja kingo alfajiri, na kwa kuwa maktaba ilikuwa mahali palipoinuka, watu wakaijaza: akina mama, wagonjwa, hata wafugaji na ndama wao wawili. Mkuu wangu akanipa daftari la wasomaji. "Kila mtu aandikwe jina, anakotoka na anakokwenda," akasema. "Watakuja kuulizana." Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na watu pia, mwanangu.

Niliandika vizuri mpaka nikasikia maji yameingia stoo ya nyuma, kwenye vitabu. Nilivipenda mno vitabu vile. Nikaliacha daftari mezani, nikaanza kuvihamisha. Ndipo akaja Bibi Eunike, mkulima aliyekuwa akiishi na mwanawe Yohana kando ya mto, kanga imemganda mwilini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba.

"Mwanangu, niandikie, mimi kalamu siijui. Yohana alikwenda kumvusha jirani, atanitafuta. Andika nakwenda Kimamba kwa mdogo wangu."

"Subiri kidogo tu, bibi. Niviokoe hivi."

Akasubiri. Alisimama pale kwa adabu, hakurudia ombi lake. Lori la Kimamba likapiga honi, akaondoka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia halikuwa langu.

Yohana alifika mimi nikiwa stoo. Mkuu wangu akafungua daftari, wakasoma wote wawili, jina baada ya jina. "Kama hayumo humu, hakupita hapa," mkuu akamwambia, maana aliniamini. Kijana akarudi mbio nyumbani kumtafuta mama yake. Nilipotoka na vitabu kifuani, nikaambiwa ni mama gani aliyekuwa akiulizwa. Nilivitupa vyote, nikamkimbilia Yohana nikiliita jina lake. Nilikuta ukuta wa nyumba yao umemwangukia, na majirani wanafukua tope kwa mikono. Hakutoka hai.

Baada ya mazishi Bibi Eunike alikuja maktaba. Nilitamani anipige. Akasema tu, "Nionyeshe hapo ambapo jina langu lingekaa."

Nikamwonyesha mstari mtupu. Akaupima kwa kidole. "Padogo hivi?"

Nikashika kalamu niandike, huku nalia. Akaufunika mstari kwa kiganja chake. "Usiniandike sasa. Sasa sina wa kunitafuta."

Maji yakimwagika hayazoleki. Niliomba radhi, na yeye akanipa, kwa kuwa alikuwa mtu wa Mungu. Lakini mimi mwenyewe sijajipa mpaka leo.

Basi sikiliza. Vitabu uvipende, ndiyo kazi yako. Lakini siku ya balaa watu hawaji maktaba kusoma. Wanakuja kujua watu wao wako wapi, na wewe ndiye utakayeulizwa. Utaambiwa mna kompyuta. Umeme ukikatika, uwe na kalamu. Asiyejua kuandika mwandikie kwanza, maana anayejua atajiandika mwenyewe. Na mzee akikusubiri kimya kwa adabu, usidhani hana haraka. Kitabu kilicholowa tutakianika juani.

Haya, chukua begi lako. Mungu akutangulie, akupe moyo wa kuinua macho mtu anapokuita, na kila mama atakayetafutwa akutwe katika daftari lako.